Muuaji ana jina lake



Nawasikia mkisimuliana filamu za mwandishi wa habari anayemsaka muuaji wa watu wengi. Mimi pia nilitazama mojawapo, Zodiac, ya mwaka 2007, juu ya muuaji wa California ambaye hadi leo hakuna mahakama iliyomhukumu. Kilichonigusa si damu, bali subira ya mtafutaji. Hakuridhika na fununu. Alitaka mtu mmoja, jina moja, na ushahidi.

Sisi wa Makobola tunayajua mauaji yasiyo ya filamu. Tangu tarehe 30 Desemba 1998 hadi 2 Januari 1999, askari waliua watu katika kijiji chetu na vijiji jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 yataja waliouawa zaidi ya 800. Katika filamu muuaji hujificha gizani. Hapa walivaa sare na walikuwa na wakubwa wao. Makaburi yapo, hukumu bado twaingoja.

Pasipo hukumu, uvumi huketi kitini pa hakimu. Nao hautafuti mtu. Hutaja kabila zima. Hivyo kijana aliyezaliwa mwaka 2008 hubebeshwa damu iliyomwagika kabla mama yake hajaolewa. Akiuawa yeye, ndugu zake nao hupata sababu ya kulipiza, na Fizi yetu huzidi kuchimba makaburi.

Ndiyo sababu nawaheshimu wanaouliza na kuandika. Kazi yao si mchezo: Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waandishi wa Redio Okapi, walipigwa risasi wakafa mjini Bukavu, mmoja Juni 2007, mwingine Novemba 2008.

Kumbukeni habari ya Kaini. Mungu hakuushtaki ukoo; alimwuliza Kaini mwenyewe ndugu yake alipo. Kisha akamtia alama, asije mtu akamwua. Haki na katazo la kisasi vilitoka katika kinywa kimoja.

Basi, wazee wetu wangali hai. Waulizeni kwa upole majina ya marehemu, mkayaandike daftarini: nani, wapi, siku gani. Na mtu akiwaambia, “Ni wale wote,” mjibuni kwa heshima: “Baba, tutajie jina.” Akikosa jina, msimpe mikono yenu.