Sisi wa Zama za Kwinini

Sisi tuliosomea kemia hapa Kisangani wakati chuo kilipokuwa kampasi ya UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kati ya 1971 na 1981, tulizaliwa mji ungali ukiitwa Stanleyville, tukakua katikati ya maasi ya 1964 na yale yaliyofuata. Umeme ulikuja ulipopenda, kitabu kimoja kilizunguka darasa zima hadi jalada likachakaa, na dawa za maabara zilingoja meli zipande mto kutoka Kinshasa. Kwinini, hata hivyo, haikuwa ngeni kwetu. Ilikuwa dawa ya kila nyumba, na magome ya mkwinini yalitoka Kivu, ambako kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kiliyakamua. Ndiyo maana tulipofundishwa namna ya kuongeza mng'ao wa mmumunyo, tulianza na kwinini, kama George Stokes alivyofanya Uingereza mwaka 1852 alipoipa hali hiyo jina la fluoresensi.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Asiyejua hudhani kwamba mwanga huongezeka kwa kuongeza dawa. Chukueni ampuli ya sindano, yenye miligramu 300 za kwinini katika kila mililita, muiweke chini ya taa ya urujuanimno: karibu haionyeshi kitu. Imesheheni mno, mwanga wa taa unamezwa pale pale ukingoni mwa kioo. Tena ina kloridi, na kloridi ndiyo adui wa mng'ao huo. Tone moja la ampuli hiyo hiyo, katika jagi la maji yaliyokenekwa yenye asidi kidogo ya salfuriki, linaligeuza jagi zima buluu. Kisha mtie kijiko cha chumvi ya jikoni. Buluu inafifia mkiitazama, ilhali kwinini haijapungua hata chembe. Molekuli iliyokwisha kupokea nguvu ya taa hugongwa na kloridi, ikapokonywa nguvu ile kabla ya kuitoa kama mwanga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ufundi wetu ilikuwa kuondoa kinachozima: kuosha chupa na kuziosha tena, kukeneka maji usiku umeme uliporudi, kupoza mmumunyo kwa sababu joto nalo huuibia. Haikuwa kazi ya kusifiwa, wala hatukuingoja sifa.

Ninyi wajukuu zetu mna mashine inayosoma nuru ambayo jicho langu, hata lilipokuwa kali, lisingeiona. Nawaheshimu kwa hilo, na ninafurahi. Mnayaona pia mambo ambayo kwetu yalikuwa ya kusimuliwa tu. Kwa mfano, rangi ya auramini karibu haing'ai kabisa ndani ya maji, kwa kuwa molekuli yake inajipinda huku na huku na kuimaliza nguvu yake. Ikibanwa katika ukuta wa kijidudu cha kifua kikuu, inatulia na kung'aa njano-kijani. Anayepima makohozi huongeza pamanganati ili mandhari ya nyuma izimike na kijidudu kibaki peke yake. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza hadubini za taa za LED kwa kazi hiyo, taa ambazo hata betri huziwasha, jambo ambalo mtu aliyekaa gizani katika mitaa yetu ya Makiso au Mangobo hahitaji kuelezwa uzito wake.

Lakini mashine haikai siku sita chini ya mabomu. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji huu, wenzetu walizika watu wao, wakafagia vioo, wakarudi kufundisha bila mshahara wa kueleweka. Walichokihifadhi hakikuwa vifaa, vingi havikuwepo. Kilikuwa mazoea ya mikono, na ninayaomba yaendelee. Namba ikishuka kwenye kioo cha mashine yenu, msikimbilie kuagiza dawa mpya. Ulizeni kwanza chupa ilioshwa na nani, kwa asidi ipi; ikiwa ni ya hidrokloriki na haikusuuzwa vema, kloridi ingalimo.