Maelezo ya Mtembeza Wageni Mbele ya Wawakilishi, Gombani

Mheshimiwa Mwenyekiti, Waheshimiwa Wajumbe, ahsanteni kwa kutufuata hapa Gombani, Pemba. Mngetuita Chukwani kule Unguja, wengi wetu tusingemudu nauli ya boti.

Mimi natoka Konde. Natembeza wageni katika Msitu wa Ngezi. Namwonesha mgeni mivule, mpapindi, popo wakubwa wanaolala wakining'inia, na usiku tunatulia kimya kusikiliza bundi wa Pemba, ambaye haishi popote duniani ila kisiwani kwetu. Kwa kazi hii nimelea wanangu tangu baba yao alipofariki.

Mwaka 2020, korona ilipoingia, wageni walikatika. Aliyekuwa akiniajiri akaturudisha majumbani, na siku nilizokwisha kufanya kazi hakunilipa. Mkataba sikuwa nao, ningedai kwa karatasi gani? Maji yakipwa nikawa nakwenda pwani kuokota chaza na kombe. Karafuu zilipowiva nikakaa majamvini kwa watu nachambua, makonyo huku, karafuu huku, mpaka usiku wa manane. Binti yangu mkubwa akasema ataacha skuli anisaidie. Nilimkatalia, ingawa siku ile ndani hamkuwa na unga. Jirani alileta muhogo. Mwenye duka akawa ananiandikia deni wala haniulizi nitalipa lini; Mungu amzidishie. Hivyo ndivyo tulivyovuka.

Waheshimiwa, vivutio hivi vipo kwa sababu wanavijiji wamevitunza. Popo wa Pemba waliwindwa hata wakakaribia kutoweka; leo wapo kwa maelfu, na watu wa Kidike ni miongoni mwa waliowalinda. Kisiwa cha Misali kimehifadhiwa tangu 1998, na kuna maji pale ambayo mvuvi amekubali kutotia nyavu, ingawa ana watoto wa kulisha. Mtu wa namna hiyo hastahili kuwa wa mwisho kulipwa na wa kwanza kuachwa. Hili linaniuma kuliko njaa ile.

Kwa hiyo naomba sheria imlazimishe kila anayetuajiri kutupa mkataba wa maandishi, hata kama kazi ni ya msimu. Naomba pia sehemu ya kiingilio cha msituni iwekwe akiba kwa ajili ya miezi isiyo na wageni, isimamiwe na vijiji vyenyewe na hesabu zake zisomwe hadharani. Na tusiwangoje wageni wa ng'ambo tu. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilichezwa hapa Gombani, Zanzibar ikalichukua. Mashabiki wa namna ile wangewekewa gari la kuwafikisha Ngezi, tungepata riziki na wao wangekijua kisiwa chao.

La mwisho ni njia ya ufukwe wa Vumawimbi. Popote hoteli itakapojengwa, njia ya kwenda ufukweni ibaki wazi kwa watu wote, iandikwe katika hati ya ardhi kabla msingi haujachimbwa.

Niko tayari kwa maswali yenu.