Mkono wangu ukigoma kuachia

Mitihani ilinibana, nimerudi.

Wengi mnaniuliza kwa nini nikikupa mkono sikuachii haraka. Kuna waliodhani nawataka, loh! Jamani, nina mayotonia ya kuzaliwa nayo. Misuli inakaza vizuri tu, shida ni kulegea. Nikishika bomba la daladala, kituo kikifika vidole vinataka sekunde kadhaa kufunguka, na konda hana muda huo. Nikikaa muda mrefu halafu ninyanyuke ghafla, miguu inakuwa mbao. Nikishapiga hatua kumi, kumi na tano, inalainika natembea kama nyie. Hapo ndipo watu hawaamini.

Kisa ni kloraidi. Kawaida hupita kwenye vijia vya seli ya msuli na kuutuliza baada ya kazi. Jeni iitwayo CLCN1 ikiwa na hitilafu, vijia havifanyi kazi sawasawa, msuli unaendelea kujikaza wakati amri imeshakwisha. Waliponipima walinichoma kisindano msulini, mashine ikanguruma kama pikipiki inayoondoka! (Na wale mnaonitania na mbuzi wa Tennessee "wanaozimia": hawazimii, wanakakamaa tu, akili timamu. Ni jeni hiyo hiyo.)

Kwetu imetoka kwa baba, kila mtoto alikuwa na nusu kwa nusu. Mdogo wangu wa kidato cha pili naye anayo. Wiki jana kachapwa kwa kuchelewa kusimama mwalimu alipoingia darasani. Eti mvivu, ana dharau. Chakula cha usiku kilinishinda.

Basi nikakaa nikamwandikia mwalimu barua, kurasa mbili. Nimemweleza habari za Julius Thomsen, daktari aliyeuandika ugonjwa huu mwaka 1876 akijieleza yeye mwenyewe na ukoo wake, baada ya mwanawe kushukiwa kwamba anajifanya ili akwepe jeshi. Karibu miaka 150, na sisi bado tunaitwa wavivu! Nimeomba dogo apewe muda wa kusimama, na asikimbizwe mchakamchaka kabla hajapasha misuli. Dawa ipo, meksiletini, ya mapigo ya moyo kwa asili yake, ila dogo kwa sasa anachohitaji ni sekunde kumi tu.

Barua kaondoka nayo mama leo kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Simu naiangalia kila dakika.