Maneromango: Jani la Kikohozi, Mbegu ya Mauti

Ukitoka Kisarawe mjini kuelekea Maneromango, unapita kati ya mikorosho, miembe na mashamba ya mihogo. Tulikwenda huko, wajumbe wanne wa kamati ya msikiti, kwa mwaliko wa hitima. Baada ya dua na chakula, mwenzetu mmoja alishikwa na kikohozi. Bibi mwenye nyumba akatuongoza hadi uani, ulikotambaa mturituri.

Mmea huu si mgeni kwa watu wa Pwani. Ni mwembamba, hupanda juu ya vichaka, na majani yake madogo yamepangana mawili mawili mfano wa mkwaju. Ganda lake likikauka hupasuka na kufichua mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ziitwazo macho ya tipitipi, kwa kufananishwa na jicho jekundu la ndege huyo. Bibi alichuma majani machache, akampa mgonjwa atafune taratibu. Nasi tukaonja: ni matamu.

Ndipo mgonjwa wetu akatoa tasbihi mfukoni. Punje zake 33 zote zilikuwa macho ya tipitipi. Bibi akashtuka.

“Mwanangu, nyumbani una watoto?”

“Ninao, Bibi. Mdogo ndiyo kwanza anaota meno.”

“Basi hiyo usirudi nayo. Jani nimekupa kwa mkono wangu; mbegu sikupi hata ya kuchezea.”

Bibi alisema kweli. Ndani ya mbegu hiyo mna sumu kali iitwayo abrini. Ikimezwa nzima, ganda lake gumu aghalabu huizuia sumu isitoke. Lakini ikitafunwa, ikisagwa au ikitobolewa, kama zitobolewavyo za tasbihi, kiasi kidogo chaweza kuua. Kutapika na kuharisha damu huenda kusianze ila baada ya saa kadhaa, na dawa ya kuivunja sumu hiyo haijapatikana. Mtoto aliyeitafuna apelekwe hospitali mara moja, pasipo kungoja dalili, na mbegu nyingine ichukuliwe ili tabibu aione.

Wataalamu wa mimea huuita mturituri Abrus precatorius. Neno la pili, la Kilatini, lahusu kuomba, kwani mbegu hizi zimetungwa shanga za ibada katika nchi nyingi. Uzuri wake ndio uliowaghuri watu.

Mwenzetu alikata uzi, akazimwaga punje zote chooni. Njiani kurudi alihesabu nyiradi kwa vidole, kama alivyohesabu Mtume (s.a.w.), na hatukuona kilichompungukia.