Funza ndani ya kidonda si haya



Sisi wa darasa la sita, tunaoangalia usafi wa bweni, tunataka kuongea jambo ambalo hapa Bukavu watu wanalificha sana: funza ndani ya kidonda.

Jirani mmoja kule Kadutu aliugua ugonjwa wa sukari, mguu ukatoka kidonda. Siku funza walipoonekana, makelele yakaanza. Wengine: amerogwa. Wengine: ni azabu, kama Herode. Basi baba wa watu akafunga mguu na kitambaa, akakaa nyumbani majuma matatu. Alipopelekwa kwa munganga, mguu ulikuwa umeoza paka gotini, wakaukata. Haya ndiyo ilimchelewesha. Na wale waliomtaja Herode walimsahau Ayubu, mtu wa haki, ambaye naye alikuwa na funza mwilini.

Tulisoma, tukashangaa. Mwaka wa 1917, kwenye vita kule Ufaransa, munganga Mmarekani William Baer alipokea askari wawili waliolala siku saba porini, mifupa ya paja imevunjika. Vidonda vilijaa funza, lakini homa hapana. Alipowaosha, kumbe chini kuna nyama nzuri, nyekundu, inayopona! Mwaka wa 1928, kule Baltimore, akaanza kutibu watoto wenye ugonjwa wa mifupa kwa funza. Wengine walipata pepopunda, ndipo akajua lazima mayai ya nzi yasafishwe kwa dawa kwanza.

Wanafanya kazi gani? Funza wa nzi wa kijani, Lucilia sericata, wanatoa mate yanayoyeyusha nyama iliyokufa, halafu wanaifyonza. Mate hayo yanaua mikrobi pia. Baada ya siku mbili tatu munganga anawatoa, mbele hawajageuka nzi. Penisilini ilipokuja watu wakawasahau, lakini mwaka wa 2004 serikali ya Marekani iliwaruhusu kama kifaa cha tiba. Hata jirani zetu wa Kenya, watafiti wamewafuga kwa kutibu wagonjwa Nairobi.

Lakini tusidanganyane. Asitoke mtu kesho kuacha nzi watue kwenye kidonda chake! Nzi wa chooni analeta mikrobi. Tena hapa Afrika kuna Chrysomya bezziana, ambaye funza wake wanakula nyama nzima, yenye uhai. Kuna na yule anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa; ndiyo sababu mama zetu wanapiga pasi hata shuka. Funza wa dawa na funza wa njiani hawafanani.

Kwa hiyo, wandugu, ukiona mtu ana funza kidondani, usiteme mate, usicheke, usitafute mchawi. Funika kidonda na kitambaa safi, umupeleke kwa munganga siku ile ile. Na kama ni mwenzetu wa bweni, atuambie hata usiku. Tutamusindikiza.