Chokaa kwenye Birika

Birika langu la umeme nililinunua kwa pesa za mwisho za mkopo wa HELB, kabla sijaacha chuo. Miaka 2 baadaye lilikuwa na ukoko mweupe ndani, mgumu kama plasta. Chai ilikuja na vipande. Nilizoea: unakunywa, unaacha ya chini.

Maji ya ploti yetu hapa Kondele ni ya kisima. Yakipita kwenye mawe ardhini hubeba kalsiamu na magnesiamu. Ukiyachemsha, chokaa inabaki. Ukoko ukizidi, joto linapita kwa shida na tokeni za stima zinaisha mbio. Shawa ya umeme iliungua hivyo hivyo, mwenye nyumba akanikata dipoziti.

Mama akaja kutoka Mbita. Kwao maji ni ya ziwa, laini, sabuni inatoa povu upesi. Alichungulia birika, akaguna.

"Baba, hiki kitu hukukiona?"

"Nilikiona."

Akanituma ndimu. Akazikamua 3 ndani ya maji, akachemsha, tukangoja nusu saa. Ukoko ukaanza kubanduka.

"Na unafuzu lini?" akauliza, huku anasugua.

Miaka 2 nilikuwa namjibu, mwaka ujao. Siku hiyo nikamwambia ukweli.

Alinyamaza. Akamwaga yale maji, akasuuza mara 2, akajaza tena.

"Majani yako wapi?"

Siku hizi nasafisha birika kila mwezi. Mama hupiga simu Jumapili. Haulizi mambo ya chuo. Anauliza kama wale watu wa makala wamenilipa.