Mafuta, Mtindi na Maji ya Moto

Nimeiacha kazi ya kuoka, na kilichonisukuma kushika kalamu ni magunia. Maduka ya vifaa vya keki ya Dar es Salaam yamejaa unga uliochanganywa tayari kiwandani, wa kuongezea mayai, mafuta na maji tu, na kijana anaitwa fundi wa keki kabla hajajua bekingi soda inafanya nini ndani ya rojo. Utoto wangu wa Tanga naupita upesi: nyumba isiyo na oveni, keki iliyookwa ndani ya sufuria yenye mchanga, makaa yamepaliwa juu na chini, na keki ya chokoleti ya mama yenye vitu tisa visivyobadilika. Baadaye zikaja jiko la hoteli, kisha duka langu mwenyewe. Katika miaka yote hiyo ubishi wangu mkubwa ulikuwa juu ya mapishi hayo ya mama, na niliyebishana naye zaidi ni fundi mkuu aliyenifunza kazi hotelini. Mkono wake ulikuwa mwepesi na nidhamu yake sijaiona kwa mwingine. Lakini mapishi hayo aliyaita ya umaskini, na akataka mafuta yawe siagi, bekingi soda iwe bekingi pauda, na maji ya moto yaondolewe kabisa. Hoja yangu haijabadilika: kila kimoja kati ya hivyo kina sababu, na ukikiondoa unapaswa kueleza kazi yake itafanywa na nini.

Mapishi yenyewe ni haya. Unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 300, kakao ya unga gramu 75, bekingi soda kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi nusu kijiko, mayai mawili, mtindi mililita 240, mafuta ya kupikia mililita 120 na maji yanayochemka mililita 240. Yanatosha mabati mawili ya sentimita 20, katika nyuzi 175, kwa nusu saa au zaidi kidogo. Tuanze na mafuta. Siagi huchapwa na sukari ili ikamate hewa, na hewa hiyo huikamata vizuri ikiwa na joto la nyuzi 18 hadi 20. Mchana wa Januari joto la Dar es Salaam hufika nyuzi 30 na kupita, na siagi iliyo karibu na kuyeyuka haikamati kitu. Fundi wangu angejibu, na kwa haki, kwamba hoteli ina kiyoyozi, na kwamba siagi ina ladha ambayo mafuta hayana. Kiyoyozi nakikubali, ila mapishi yanayohitaji mashine ya kupoza chumba si bora kwa hilo tu. Ama ladha ya siagi, ni tamu kwelikweli katika keki nyeupe, lakini kakao ina nguvu na huifunika. Kinachobaki ni namna keki inavyotafunika. Siagi huganda ndani ya friji, mafuta hayagandi, na ndiyo sababu keki ya siagi ya jana huwa ngumu wakati ya mafuta bado ni laini. Keki za fundi wangu zilisifiwa zilipotoka ovenini, na zilistahili sifa. Mteja, hata hivyo, hula keki kesho yake.

Suala la soda ndilo lililozaa maneno mengi, na vijana wangelielewa hili moja tu ningeridhika. Bekingi soda ni alkali, na haitoi gesi ya kutosha mpaka ikutane na kitu kichachu. Bekingi pauda, aliyoibuni Mwingereza Alfred Bird mwaka 1843, ni soda ileile iliyochanganywa na asidi kavu, kwa hiyo hujitosheleza. Sasa tazama keki ya mama: ina mtindi, ambao ni mchachu, na kakao ya asili, ambayo nayo ina uchachu. Soda imewekwa ili ikutane na hivyo viwili. Ukiitoa na kutia bekingi pauda, hiyo inakuja na asidi yake, na uchachu wa mtindi na kakao unabaki bila wa kuupunguza. Keki inatoka ya rangi iliyopauka, yenye ukali mdomoni. Watu husema soda huacha ladha ya sabuni. Huiacha, ila waulizwe walitumia kakao ipi. Waholanzi wa familia ya van Houten ndio waliobadili biashara hii: Casparus alipata hataza ya mashine ya kukamua siagi ya kakao mwaka 1828, na mwanawe Coenraad akaanza kuitia kakao alkali ili ipungue ukali. Kakao ya namna hiyo huwa nyeusi zaidi na inapendeza kwa macho, lakini uchachu wake umeshauawa. Ukiitia katika mapishi haya bila kupunguza soda, soda inayozidi ndiyo sabuni unayoionja. Kosa ni la aliyebadilisha kopo bila kusoma maandishi yake. Na inaniuma kwamba nchi inayolima kakao Kyela inawafunza waokaji wake wachague kopo kwa weusi wa rangi.

Maji ya moto humwagwa juu ya kakao peke yake, yakakorogwa mpaka mabonge yaishe, yakaachwa yapoe kidogo ndipo yakutane na mayai. Kakao ni kavu mno na ina wanga. Maji ya moto huifungua harufu, na wanga huvimba na kushika maji ambayo keki itayahitaji siku ya pili. Wanaoogopa wepesi wa rojo, kwamba linamiminika kama uji wa mgonjwa, huongeza unga, na hapo ndipo keki nyingi za chokoleti zinapoharibikia. Rojo hili halitegemei hewa iliyochapwa, linategemea gesi ya soda. Kwa hiyo wepesi hauliangushi, mradi liingie ovenini mara tu likishachanganywa.

Wapo wanaosema kwamba kuyapima mapishi ya mama kwa mizani ni kuyavua heshima yake, kwamba yeye alitumia kikombe na mkono. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Kikombe cha unga uliotiwa kwa kijiko ni gramu 120. Ukikichota moja kwa moja na kushindilia, hufika 150. Mama alikuwa na kikombe kimoja na mchoto mmoja maisha yake yote, kwa hiyo kilikuwa mizani yake. Mjukuu aliyerithi karatasi hakurithi kikombe. Kinachopaswa kuandikwa pembeni ya karatasi hiyo ni uzani wa kila kitu, aina ya kakao, na mahali ilipookwa keki. Vipimo vya Tanga ni vya usawa wa bahari. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94, gesi hutanuka zaidi, na keki huinuka haraka kisha hubonyea katikati. Anayeoka huko apunguze soda iwe kijiko kimoja na robo, apunguze sukari kidogo, aongeze mtindi vijiko viwili vya chakula, na vipimo hivyo vipya aviandike chini ya vile vya zamani bila kuvifuta.